Mchango wa mtoto mchanga: majibu kwa wasomaji wa Kusini

Barua nyingi za mwezi huu kutoka Mtwara na Lindi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti. Mtoto ananyonya, ananenepa, mchana anacheka na watu, lakini jioni ikiingia analia mpaka nyumba nzima inakosa pa kukaa. Tumechagua barua saba. Kama mtoto wako ana homa, anatapika kijani au amegoma kunyonya wakati unasoma hapa, anzia barua ya tatu, kisha toka nyumbani.

*

Shikamooni. Mwanangu wa kwanza ana wiki 5. Ikishapigwa adhana ya magharibi anaanza: anakunja miguu, tumbo linakuwa gumu, uso unamwiva, anashika titi anaachia, analia hadi saa 4 usiku. Nimempeleka zahanati, wamempima wakaniambia hana kitu. Kama hana kitu, mbona analia hivi?
*Mama wa mtoto mmoja, Mikindani*

Marahaba mama. Walipokwambia hana kitu walimaanisha kwamba hawakuona ugonjwa. Hawakumaanisha kwamba mtoto anadeka wala kwamba wewe unazusha. Unayoeleza ni mchango, ambao wengine huita chango au msokoto wa tumbo la mtoto, na ni kweli unatesa.

Mwaka 1954 daktari Mmarekani, Morris Wessel, na wenzake waliweka kipimo ambacho bado kinatajwa: mtoto mwenye afya anayelia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3. Mwaka 2016 wataalamu wa magonjwa ya tumbo waliacha kumpimia mtoto saa kwa namna hiyo, na walifanya vizuri, maana anayelia saa 2 na dakika 50 hana tofauti na anayelia saa 3. Siku hizi tunaangalia kama kilio ni kirefu, kinarudi rudi, hakina sababu inayoonekana, hakinyamazishiki kwa urahisi, na mtoto hana homa, hajakonda wala haumwi.

Jina letu linatupeleka moja kwa moja tumboni, kwa kuwa chango ni utumbo. Tumbo lina sehemu yake, lakini si yote yanayotoka tumboni. Mtoto anayelia humeza hewa nyingi, ndiyo maana tumbo linakaza na anajamba sana. Mara nyingi gesi hiyo imeletwa na kilio, haikukianzisha. Ubongo wa mtoto wa wiki 5 bado haujajua kujituliza, na ikifika jioni amechoshwa na mwanga, sauti, mikono ya wageni na joto la kutwa nzima. Bakteria wa utumboni nao ndio kwanza wanajipanga. Hakuna chanzo kimoja kilichothibitishwa, kwa hiyo mtu akikwambia anakijua kwa hakika, msikilize kwa tahadhari.

Kinachojulikana vizuri ni kalenda yake. Kilio huanza kupanda karibu na wiki ya 2, hufika kileleni karibu na wiki ya 6, kisha hushuka, na watoto wengi wanakuwa wameacha wakifika miezi 3 au 4. Hata watoto wa Wasan wa jangwa la Kalahari, wanaobebwa karibu siku nzima na kunyonya kila mara, wana mwinuko huo huo wa wiki za mwanzo, ila kila kilio kwao ni kifupi. Kwa hiyo hukukosea ulezi. Na jiandae: wiki ijayo kuna chanjo za wiki 6, na kilele cha kilio kitaangukia hapo hapo. Watu watasema sindano ndiyo iliyomwanzishia. Kilio cha chanjo huonekana siku hiyo na ya pili yake. Kilichokuwapo wiki 2 kabla hakikuletwa na sindano. Usiikwepe kliniki.

Sasa jioni yako tuipange. Usingoje aanze. Kama kilio huanza saa 12, kuanzia saa 10 mtoto awe mahali penye kivuli na utulivu, wageni wapungue, asinzie hata nusu saa. Mtoto aliyechoka kupita kiasi halali kirahisi, analia zaidi.

Akianza, mkague kwanza kwa mpangilio ule ule kila siku, ili usisahau kitu ukiwa umechanganyikiwa. Njaa: amenyonya lini? Nepi. Joto: gusa kifua au shingo yake, usiguse mikono, maana mikono ya mtoto huwa ya baridi hata akiwa na joto la kutosha. Mikindani mwezi wa Januari anahitaji nguo moja nyepesi tu. Kisha mvue kabisa chini ya taa, uangalie kidole kimoja kimoja cha mikono na miguu, na uume kama ni wa kiume. Unywele wa mama ukidondoka kwenye soksi au nepi unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu ukakaza kama uzi. Utaona mfereji mwembamba, na mbele yake kidole kimevimba kimekuwa chekundu au cheusi. Ukiuona mwisho wake, ufungue taratibu. Ukiwa umezama kwenye nyama, nenda kituo cha afya usiku huo huo.

Ukiona yote yako sawa, mbebe. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako wa kushoto, shavu likae kwenye kiwiko na uso utazame nje, miguu ining'inie huku na huku, kiganja chako kishike paja lake. Tumbo lake sasa linakaa juu ya mfupa wa mkono wako na kubonyezwa kidogo kila unapopiga hatua. Tembea polepole, mwendo mmoja, huku unatoa sauti ya "shhh" ndefu karibu na sikio lake. Zima taa kali. Namna moja ifanye kwa dakika 5 nzima kabla ya kubadili. Tunaona akina mama wakimgeuza mtoto kila baada ya sekunde 20, begani, magotini, mgongoni, halafu wanamtikisia funguo. Mtoto aliyezidiwa na fujo anaongezewa fujo. Kumfunga mgongoni kwa kanga, uso ukiwa wazi na pua haijabanwa, nako ni kuzuri.

Kumkanda tumbo kunawafaa baadhi, na hakudhuru kukifanywa vizuri. Subiri nusu saa baada ya kunyonya. Paka mafuta ya nazi kidogo kwenye vidole vitatu, anza chini upande wa kulia wa mtoto (kushoto kwako ukimwelekea), panda hadi chini ya mbavu, vuka juu ya kitovu, shuka upande wa pili. Ndivyo utumbo mpana ulivyolala. Nguvu ni ile ya kubonyeza embe bivu bila kuliacha na alama. Zungusha mara 10, kisha mkunje magoti yake mawili yafike tumboni, hesabu hadi 5, achia.

Angalia na unyonyeshaji. Mdomo ufunguke kama anayepiga miayo, kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ugeuke nje. Chuchu ikitoka imechongoka upande mmoja, hakushika vizuri, na hapo anameza hewa. Kama maziwa yanamjia kwa kasi hadi anapaliwa na kukohoa, na choo chake ni cha kijani chenye povu, huenda unayo mengi. Egemea nyuma ukiwa unanyonyesha, na mwachie amalize titi moja hadi lilegee kabla ya kumpa la pili. Kumbeulisha begani kwa dakika chache hakuna ubaya, ila usikitegemee sana: jaribio lililofanyika India na kuchapishwa 2015 lilionyesha kwamba kubeulisha hakukupunguza mchango, na watoto hao walicheua zaidi.

*

Wajukuu zangu, mimi nimelea watoto 8. Tulikuwa tunachemsha mizizi ya mchango, kijiko asubuhi, kijiko jioni, na walipona wote. Siku hizi kliniki wanatugombeza. Mmetukataza dawa zetu, na hizo za chupa za dukani mbona mnaziuza?
*Bibi, Nachingwea*

Shikamoo bibi. Swali lako ni la haki, na tutalijibu pande zote mbili.

Ni kweli walipona. Tunakuomba tu utazame walipona lini. Dawa ya mchango huanza kutafutwa mtoto akiwa na wiki 4 au 5. Wiki ya 6 kilio kinazidi, watu wanabadilisha mzizi. Wiki ya 8 wanakwenda kwa mganga mwingine. Wiki ya 10 hadi 12 mtoto ananyamaza, na sifa inachukuliwa na aliyetoa dawa ya mwisho. Mtoto wa jirani ambaye hakupewa chochote naye ananyamaza wiki hizo hizo.

Kama ingekuwa haisaidii wala haidhuru, tungeacha. Shida ni kwamba inadhuru baadhi. Mzizi hauna kipimo: uliochimbwa leo na uliochimbwa mwezi jana havina nguvu sawa, na ini na figo za mtoto wa mwezi mmoja bado hazijaweza kusafisha sumu. Maji yakiwa na vijidudu anaharisha, na mtoto wa kilo 4 huishiwa maji mwilini haraka sana. Akinyweshwa huku analia, dawa inaweza kupita njia ya hewa. Halafu kuna hasara isiyoonekana: tumbo lake ni dogo, vijiko kadhaa vya maji vinachukua nafasi ya maziwa, ananyonya kidogo, na titi lisiponyonywa hupunguza kutengeneza. Ndiyo sababu ya kusema maziwa ya mama peke yake miezi 6, bila hata maji ya kunywa.

Za chupa nazo tuziseme ukweli. Ile iliyoandikwa Gripe Water ilianza Uingereza mwaka 1851 kwa mfamasia William Woodward. Ya mwanzo ilikuwa na pombe, sukari, soda ya unga kama ile ya kuokea, na mafuta ya shibiti. Si ajabu mtoto alilala. Nyingi za sasa hazina pombe, lakini hazijathibitishwa kuondoa mchango, na utamu wake unamfanya anyamaze dakika chache tu. Matone ya simethikoni, yanayovunja mapovu ya gesi, hayana madhara makubwa, ila yalipolinganishwa na dawa isiyo na kitu ndani yake matokeo yalikuwa sawa. Yapo pia matone ya bakteria rafiki aina ya Lactobacillus reuteri. Hayo yalipunguza kilio kwa watoto wanaonyonya maziwa ya mama, ila kwa wanaokunywa ya kopo ushahidi ni dhaifu. Mzazi asiyeweza kuyapata au kuyamudu asihuzunike, kwa kuwa kilio kitaisha hata bila hayo.

Vitu vitatu tunakataa bila kupunguza neno. Asali kabla ya miezi 12, hata ya kulambishwa kidoleni, maana inaweza kubeba mbegu za kijidudu kinachopoozesha misuli ya mtoto. Dawa za wakubwa za kukata msokoto, hata robo ya kidonge. Mojawapo, daisaiklomini, haipewi tena watoto walio chini ya miezi 6 baada ya baadhi yao kukata pumzi. Na kukata: kukata kimeo, kuchanja chale tumboni, kung'oa yanayoitwa meno ya plastiki. Uvimbe mweupe kwenye ufizi ni jino lake halisi linalojiandaa. Anayelichokonoa anamwachia mtoto kidonda, damu na vijidudu.

Hirizi ni imani ya familia, hatuigusi. Tunaomba isifungwe shingoni, na uzi wa kiunoni au mkononi ulegee kidole kipite, ukaguliwe kila wiki kwa sababu mtoto ananenepa. Moshi wa ubani na jiko la mkaa chumbani vitoke. Mkaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na kifua cha mtoto hakivumilii moshi.

Kazi yako ipo, bibi, tena kubwa. Mchukue mtoto kuanzia saa 11 jioni, umwogeshe maji ya uvuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko, umkande kama tulivyoeleza hapo juu, umtembeze hadi saa 2 usiku. Mama yake alale. Hapa Nachingwea ni wachache wanaoweza kumpa kitu hicho, na wewe ni mmoja wao.

*

Nitajuaje kwamba huu si mchango bali ni ugonjwa? Hapa kwetu kwenda hospitali usiku ni pesa ya bodaboda na ni mbali.
*Mama wa mtoto wa miezi 2, Kilwa Masoko*

Usingoje asubuhi ukiona hata kimoja kati ya hivi: mwili una joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au umepoa isivyo kawaida hata ukimfunika, amekataa kunyonya au ananyonya kwa ulegevu akiachia, analala mno, haamki vizuri hata ukimvua nguo, anapata degedege, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika (akishatimiza miezi 2, mara 50 au zaidi), au sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani kila akivuta pumzi, utosi umevimba juu, anatapika kijani, choo kina damu, tumbo limevimba na kukaza hata akiwa ametulia, kitovu kina usaha na wekundu unaosambaa.

Kuhesabu pumzi watu wengi hukosea. Fungua saa ya simu, mtoto akiwa ametulia au amelala, inua nguo, tazama tumbo likipanda. Kupanda na kushuka ni moja. Hesabu dakika nzima, usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, kwa sababu mtoto mchanga hupumua haraka, kisha husita kidogo, kisha huendelea. Ukipata 60 au zaidi, au 50 kwa aliyetimiza miezi 2, rudia. Ukipata hivyo tena, ondoka.

Matapishi ya kijani tunayasisitiza. Maziwa yaliyoganda meupe au ya manjano hafifu ni kawaida ya kucheua. Rangi ya kijani kama maji ya mlenda inaweza kuwa utumbo uliojisokota, na hapo kila saa ina thamani. Angalia pia kinenani: uvimbe unaotokea akilia na kurudi akinyamaza ni ngiri, uonyeshe kliniki wiki hiyo, ukiwa mgumu, unauma na haurudi, ni usiku huo huo. Kwa mtoto wa kiume, pumbu moja iliyovimba na kubadilika rangi ni hivyo hivyo.

Homa katika mikoa yetu yenye malaria nyingi watu wameizoea, wanaanza na paracetamol ya nyumbani. Kwa mtoto wa miezi 2 usifanye hivyo. Dawa itashusha joto, na mhudumu atapokea mtoto asiye na dalili huku ugonjwa ukiendelea ndani.

Sikiliza na aina ya kilio. Cha mchango kina nguvu na kina saa yake. Kilio chembamba cha juu kama cha paka, mgumio dhaifu, au kilio kikali cha ghafla kwa mtoto ambaye hajawahi kulia hivyo, si cha kungoja. Kinachoanza baada ya miezi 4 nacho usikiite mchango.

Dalili inayotuliza ni uzito. Baada ya siku za kwanza mtoto hukojoa nepi 6 au zaidi kwa siku, kufikia wiki 2 amerudia uzito aliozaliwa nao, na baada ya hapo huongeza kama gramu 20 hadi 30 kwa siku. Mwenye mchango tu, mstari wake kwenye kadi unapanda. Mstari uliolala ni sababu ya kurudi kliniki hata kama kilio kimepungua.

Njiani mweke kifuani ngozi kwa ngozi chini ya kanga, mnyonyeshe akikubali, na beba kadi yake.

*

Mimi ni baba. Natoka shamba kupuliza salfa kwenye mikorosho nimechoka, nakuta mtoto analia na mama yake naye analia. Juzi usiku nilimkamata mtoto kwa nguvu hadi nikajiogopa. Nisaidieni.
*Baba, Tandahimba*

Umefanya jambo jema kuandika. Mtoto asitikiswe kamwe, hata sekunde chache. Kichwa chake ni kizito, shingo ni laini. Akitikiswa ubongo unagonga fuvu na mishipa midogo inakatika. Anaweza kupofuka, kupooza au kufa, na nje asionekane na jeraha.

Ukihisi mikono inakaza, fanya hivi: mlaze chali mahali pa usalama, sakafuni kwenye mkeka ikibidi, pasipo na mito wala nguo zilizolundikana, funga mlango, toka uani. Dakika 10. Nawa uso. Rudi umwangalie. Kulia peke yake dakika 10 hakumdhuru mtoto aliyekwisha kaguliwa. Ukiona bado huwezi, gonga kwa jirani, hata kama ni saa 8 usiku.

Kisha gawaneni usiku. Mama amnyonyeshe saa 2, alale papo hapo, na wewe umbebe mpaka saa 5 au mpaka adai titi. Saa 3 za usingizi usiokatika zinamrudisha mtu. Mama akiendelea kulia na kukata tamaa kwa zaidi ya wiki 2, hali chakula, halali hata mtoto akilala, au anasema angalau angekufa yeye au mtoto, hiyo ni sonona ya uzazi, ina matibabu. Mpeleke kituo cha afya, na kwa hilo la kufa usimwache peke yake hata siku moja.

Na salfa: usimbebe mtoto na nguo za shamba. Vumbi lake linawasha macho, ngozi na kifua. Nguo zivuliwe nje, uoge na sabuni, ndipo umshike. Mnapobangua korosho kwa kuchoma, mtoto awe mbali kabisa na moshi wa maganda. Sigara pia, watoto wa nyumba zenye moshi wa sigara wanapata mchango zaidi.

*

Mtoto wangu ana wiki 7, ananyonya tu. Hajapata choo siku 4. Anajikamua, anaguna, uso unaiva, halafu analia. Mama mkwe anataka kumtia kipande cha sabuni.
*Mama, Newala*

Sabuni hapana. Inababua utando wa ndani wa njia ya choo, na mtoto akizoea kuchokolewa anasubiri kuchokolewa. Kijiti cha mhogo na ncha ya kipimajoto ni vilevile.

Mtoto anayenyonya tu, akipita wiki 6, anaweza kukaa siku 5 hata 7 bila choo na asiwe na tatizo, kwa sababu maziwa ya mama huacha makapi machache. Tazama choo kikija: kikiwa laini kama uji mzito, hakufunga. Kujikamua kwa dakika 10 au zaidi kisha kutoa choo laini ni mtoto anayejifunza kusukuma tumbo na kulegeza njia kwa wakati mmoja. Anasukuma huku amebana. Mkunje magoti, mwachie. Kikiwa kigumu kama vinyesi vya mbuzi, au tumbo limevimba, au anatapika, mpeleke. Na mtoto ambaye choo chake cha kwanza cheusi kilichelewa zaidi ya siku 2 baada ya kuzaliwa, mwambie daktari hata kama sasa anapata.

*

Wamenikataza maharage, kunde, pweza, pilipili na korosho kwa sababu ya mchango wa mtoto. Nimebaki na uji.
*Mama, Lindi Manispaa*

Kula, mama. Gesi ya maharage hutengenezwa utumboni mwako na hutokea kwako. Haiingii kwenye maziwa. Unayenyonyesha unahitaji chakula kingi kuliko ulipokuwa huna mtoto, na kunde, samaki na korosho ndivyo vyenye unachohitaji. Punguza tu kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu kama unatumia vingi.

Kuna hali moja ya pekee. Mtoto mwenye damu au makamasi kwenye choo, ukurutu mwilini na kutapika sana anaweza kuwa hapatani na maziwa ya ng'ombe unayokunywa wewe. Baada ya kumwona mhudumu, acha maziwa na mtindi kwa wiki 2, kisha yarudishe. Kilio kikipungua na kurudi pamoja na maziwa, umepata jibu. Kisipobadilika, endelea kunywa chai yako ya maziwa.

*

Mtoto wa dada yangu alizaliwa kabla ya wakati, wiki ya 32. Sasa ana miezi 3 na ndiyo kwanza analia sana jioni. Si mlisema ikifika miezi 3 huisha?
*Shangazi, Masasi*

Kwa njiti hesabu haianzi siku aliyozaliwa. Alitangulia wiki 8 kabla ya wiki 40, kwa hiyo toa wiki 8 kwenye umri wake: mtoto wa wiki 13 anahesabiwa kuwa na wiki 5. Yuko karibu na kilele, na anatarajiwa kutulia akiwa na miezi 5 hadi 6 tangu kuzaliwa. Chanjo zake lakini zinafuata siku halisi ya kuzaliwa, zisicheleweshwe. Kwa vile njiti huugua haraka kuliko wengine, kilio hiki kipya kinapaswa kuonwa kwanza na daktari kabla ya kuitwa mchango. Ukienda naye hospitali ya Ndanda au kliniki yenu, waombe waandike kwenye kadi tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, kando ya ile aliyozaliwa, ili kila atakayempima ahesabu sawasawa.